Mkono Mfupi na Inanga ya Babu

Nilipasua inanga ya babu nikiwa na umri wa miaka sita. Nalisema hilo mapema ili msomaji asije akadhani naandika haya kama mtaalamu wa muziki. La hasha. Naandika kama mtu anayelipa deni.

Ilikuwa kiangazi, jioni, uani kwetu Kabanga. Nazungumzia Kabanga ya Kasulu, yenye hospitali ya misheni na chuo cha ualimu, si ile Kabanga ya Ngara inayotajwa redioni kwa ajili ya nikeli yake. Babu alikuwa ameketi kwenye kigoda. Akaniita, akanikalisha, akanipakatisha inanga yake. Ilinizidi kila upande. Nilinyoosha mkono nikaufikia uzi wa nne. Wa tano sikuufikia. Nikajivuta mbele kidogo, inanga ikateleza, ikaangukia jiwe la kunolea visu. Ilitoa mlio mmoja ambao sijapata kuusikia tena kwenye chombo chochote. Ufa ulianzia pembeni ukaishia katikati ya tumbo.

Babu hakunigombeza. Aliiokota, akaipangusa vumbi kwa kiganja, akaiingiza ndani. Hakuitoa tena. Alifariki miaka mitatu baadaye, nami nikakua nikiamini kwamba muziki wa ukoo wetu uliishia mikononi mwangu.

Basi nilikuwa nimelizika jambo hilo vizuri tu, mpaka dada yangu mkubwa alipolifukua bila kujua. Yeye ni mwalimu wa darasa la awali. Siku moja aliniambia: "Wewe si unajifanya msomi? Nitafutie vinanda vya nyuzi vya watoto. Sitaki vya plastiki vya kuchezea. Nataka vya kupigwa kweli."

"Watoto wa umri gani, dada?"

"Miaka mitano. Wapo ishirini na wawili, lakini hata ukipata vitano watapokezana. Ngoma wanazo, kuimba wanajua. Nyuzi ndizo hawajawahi kuzigusa."

Nikaitikia "sawa dada", kama mtu anayetumwa chumvi dukani. Kumbe nilikuwa nimetumwa kwenye historia.

Hebu kwanza tuitazame inanga yenyewe, maana wapo vijana wa mjini ambao hawajaiona. Ni ubao mmoja wa mti mwepesi uliochongwa ukawa na umbo la mvungu, kama hori dogo la kulishia ng'ombe. Juu yake hukatiza uzi mmoja mrefu unaopitishwa huku na huku kwenye pengo zilizochongwa kwenye ncha zote mbili, hata mtu akiutazama anaona nyuzi saba au nane. Zamani uzi huo ulitokana na mishipa ya ng'ombe. Siku hizi ni nailoni au waya. Haina vigingi vya kukazia kama gitaa. Mpigaji huivuta sehemu moja, akailegeza nyingine, mpaka sikio lake liridhike. Inanga ya mtu mzima huweza kuwa na urefu wa sentimita 75 hadi 115, na upana wa sentimita 30 hivi. Mpigaji huipakata au huiegemeza mwilini, na sauti yake ni ya chini, ya mtu anayenong'ona. Hata mwimbaji wa Burundi mara nyingi hunong'ona nayo, hapazi sauti.

Nimeitaja Burundi kwa sababu Muha na Mrundi wakikutana kila mmoja akasema lugha yake, wanaelewana bila mkalimani. Mpaka ulikuja baadaye; inanga ilikuwepo kwanza. Wahaya wanayo na wanaiita enanga, na tenzi zao ndefu za mashujaa huimbwa kwayo. Profesa Mugyabuso Mulokozi alizifanyia utafiti wake wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986. Kwenye ikulu za wafalme wa Burundi na Rwanda inanga ilikuwa chombo cha kumtuliza mfalme usiku. Ngoma zilimtangaza mchana, inanga ilimlaza. Labda ndiyo maana ngoma za Burundi zinajulikana dunia nzima, na mwaka 2014 zikaingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO, wakati mnong'ono umebaki pembeni. Dunia husikiliza anayepiga kelele.

Sasa swali ambalo sikuwahi kujiuliza nikiwa mtoto: huyo mpigaji wa inanga ya mita nzima alianzia wapi? Hakuna mtu aliyezaliwa na mikono ya mtu mzima.

Nilidhani jibu liko madukani. Nikashuka Kasulu mjini, nikaenda Kigoma, mwisho nikafika Dar es Salaam, Kariakoo, kwa shughuli zangu nyingine lakini na agizo la dada mfukoni. Magitaa yapo, bwana, ya kila rangi, na yote ni ya watu wazima. Nikaulizia ya watoto. Muuzaji akanipa kigitaa cha plastiki chenye nyuzi za mpira na kitufe cha kuimba chenyewe. Duka jingine lilikuwa na fidla. Nikamweleza mwenye duka kuwa ni ya mtoto wa miaka mitano. Akanitazama kwa huruma, akaniambia kuna "namba" zake, na hizo ndogo ni za kuagiza. Bei aliyonitajia kwa fidla moja kwetu inanunua mbuzi wanne. Na mtoto, akasema, ataizidi mapema, itabidi uagize nyingine.

Hizo "namba" ndizo zilizonitoa usingizini. Kwa hiyo wapo watu duniani waliokaa wakafikiri juu ya mkono wa mtoto, wakaupima! Nikaanza kusoma.

Fidla kamili ina kasha lenye urefu wa sentimita 35 na nusu hivi. Ile inayoitwa nusu ina sentimita 31 au 32, kwa hiyo si nusu hata kidogo. Ni jina tu. Inayoitwa robo ina kama sentimita 28, ya thumuni 25, na ile ya moja ya kumi na sita ina kama 23. Ipo hata ya moja ya thelathini na mbili, ambayo mtu angeweza kudhani ni pambo la kabatini. Mwalimu humnyoosha mtoto mkono wa kushoto pembeni, akapima kutoka shingoni hadi katikati ya kiganja, ndipo anajua ampe ipi. Hakuna anayemuuliza mtoto kama ana kipaji. Wanauliza mkono wake una sentimita ngapi.

Wazungu walilijua jambo hili zamani. Mjini Salzburg, Austria, imehifadhiwa fidla ndogo iliyoundwa na fundi Andreas Ferdinand Mayr karibu na mwaka 1746, na inasemekana ndiyo Mozart aliyoipiga utotoni. Lakini Mozart alikuwa mtoto wa mwanamuziki wa ikulu. Mtoto wa mkulima je? Ilibidi isubiriwe karne moja na nusu. Mwaka 1897, katika mji wa Maidstone, Uingereza, yalianzishwa masomo ya fidla kwa wanafunzi wa shule ya kawaida, wote kwa pamoja darasani. Kampuni ya Murdoch ikawauzia wazazi fidla za bei nafuu kwa malipo ya kidogo kidogo kila wiki. Mtindo huo ukaenea, na ilipofika mwongo wa kwanza wa karne ya 20 watoto wa shule waliokuwa wakijifunza fidla nchini humo walihesabiwa kwa malaki. Hawakuwa watoto wa mabwana. Wengi walikuwa watoto wa vibarua.

Halafu kuna Wajapani. Suzuki Masakichi wa mji wa Nagoya alitoka katika nyumba ya mafundi wa shamisen, chombo cha nyuzi tatu cha kwao. Mwishoni mwa miaka ya 1880 aliona fidla ya Kizungu, akaiga, akaunda yake. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, viwanda vya Ulaya vilipokwama, kiwanda chake kilikuwa na wafanyakazi zaidi ya elfu moja. Mwanawe Shinichi, aliyezaliwa 1898, alikwenda kusomea fidla Berlin. Aliporudi akawa mwalimu, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 baba mmoja alimletea mtoto wa miaka minne afundishwe. Shinichi akachanganyikiwa: mtoto mdogo hivi anafundishwaje? Jibu lililomjia ni jepesi kiasi kwamba sisi sote tungelijua: kila mtoto wa Japani anasema Kijapani. Kama anaiweza lugha ngumu namna ile kwa kumsikiliza mama yake, fidla itamshinda kwa nini? Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1946, alianza kazi yake mjini Matsumoto, na njia yake ikaenea ulimwenguni. Mtoto wake huanza na miaka mitatu au minne, na mzazi hujifunza naye. Mara nyingi hata hiyo fidla ya moja ya kumi na sita hapewi kwanza. Huanza na sanduku la karatasi lililobandikwa rula, ashike tu, asimame vizuri, ainame kuwaamkia watu.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikatabasamu kwa uchungu. Mwenzangu alianza na sanduku la karatasi. Mimi nilianza na inanga ya mzee, juu ya jiwe la kunolea visu.

Lakini msomaji, usije ukaona kwamba walichonacho wenzetu ni upendo kwa watoto na sisi hatuna. Tazama vizuri: Maidstone ilikuwa na kampuni, Nagoya ilikuwa na kiwanda. Chombo kidogo ni biashara mbaya kwa fundi mmoja. Kinamchosha sawa na kikubwa, kinauzwa kwa bei ndogo, na mtoto anakizidi kabla hakijazeeka. Fundi akiwa na wateja kumi tu, wote watu wazima, hatachonga kidogo hata siku moja. Kwa hiyo vyombo vinapoanza kupungua mahali, vidogo ndivyo vinavyotoweka kwanza, na hakuna anayestuka, kwa sababu wazee bado wanapiga vikubwa barazani na watu wanacheza. Chombo hakifi siku anapokufa mpigaji wake wa mwisho. Kilikufa zamani, siku ilipokosekana ndogo yake.

Je, sisi tulipata kuwa nazo hizo ndogo? Naam. Ukiwauliza wazee wa nchi za maziwa makuu watakuonyesha mlolongo mzima. Mtoto wa Kiganda alichimba kishimo ardhini, akakifunika gome, akachomeka kijiti kinachopindika, akafunga uzi kati ya kijiti na lile gome: hiyo ni sekitulege, na ardhi yenyewe ndiyo tumbo lake. Huku kwetu na Burundi upo upinde wa uzi mmoja wenye kibuyu, Warundi wanauita umuduri, nao waweza kuundwa kwa urefu wowote. Vipo pia vinanda vya mabua, ambapo uzi hauletwi kutoka nje. Ni ganda la bua lenyewe linalobanduliwa kwa ncha ya kisu na kuinuliwa kwa vijiti viwili. Vyombo hivi havikuwa na namba. Mtoto aliviunda mwenyewe kwa mkono wake mwenyewe, hivyo vilimtosha. Mkono ukirefuka, bua la msimu uliofuata lilikuwa refu pia.

Shule ilipokuja haikuvichukua vyombo hivyo. Silaumu mtu, nasema ilivyokuwa. Misheni zilileta kwaya, zikaleta do-re-mi, zikaleta kinanda. Na hilo neno "kinanda" lina kisa chake. Kwa Waswahili wa zamani wa pwani, kinanda kilikuwa chombo cha nyuzi, cha kupakatwa, ndugu wa gambusi. Baadaye jina likahama, likaenda kukaa kwenye chombo cha kanisani chenye mvukuto na vibao. Nyuzi zilinyang'anywa hata jina. Mtoto wa shule akawa na koo la kuimbia na ngoma ya kuchezea. Nyuzi zikabaki kwa wazee, na kwa vijana waliojiundia magitaa ya galoni na waya wa breki za baiskeli.

Na hao wazee nao hawakutulia. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na miaka ya Waingereza vijana wa Buha wakapandishwa treni kwa maelfu kwenda kukata mkonge Tanga. Manamba. Kijana aliyetakiwa kukaa miguuni kwa mjomba wake ajifunze inanga alikuwa Korogwe na panga mkononi. Mwaka 1963 utawala wa machifu ukafutwa, na mabaraza ya bami, yakiwemo ya Heru ya Mwami Theresa Ntare aliyetawazwa 1946, hayakuwa tena mahali pa kuwalisha wapigaji. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma. Watu wakahamia vijijini, pamoja na vile walivyoweza kubeba kichwani. Nani abebe kijinanga cha mtoto na kuacha debe la mbegu?

Nilimweleza dada haya yote nikidhani atanipongeza. Akasema: "Vizuri. Sasa vinanda viko wapi?"

Ndipo nikaikumbuka Uganda. Kule kuna endingidi: kopo la mti lililowambwa ngozi, mara nyingi ya kenge, likachomekwa fimbo, likawekwa uzi mmoja unaosuguliwa kwa upinde. Rwanda wanaiita iningiri. Alikuwepo mwanamuziki wa ikulu ya Kabaka, Evaristo Muyinda, aliyezaliwa 1914 na kufariki 1993, ambaye pia alifanya kazi katika Jumba la Makumbusho la Uganda. Yeye alikusanya vyombo vya Kiganda vilivyokuwa vinapigwa mbalimbali akaviunganisha katika kundi moja kubwa. Na katika vikundi vya shule na vyuo vya Uganda endingidi huundwa kama familia: ipo ndogo ya sauti nyembamba, za kati, na bibi yao mkubwa anayesimamishwa chini na kutoa sauti ya dubwana. Zanzibar nako, kwenye kidumbak, sanduku kavu lenye uzi mmoja na mpini linashika nafasi ya besi bila kuona aibu mbele ya fidla. Hapo nikapata kitu ambacho sikukiona Nagoya wala Maidstone, ingawa sikukielewa mpaka nilipokaa na bibi yangu.

Tulikwenda kwa fundi seremala mmoja jirani yetu. Kwanza tuliwapima watoto. Dada aliwapanga ukutani, mimi na futikamba ya ushonaji, kila mtoto ananyoosha mkono huku anacheka kwa mtekenyo. Fundi akachonga inanga ya sentimita 45, nusu ya ile ya babu. Tukaivisha mshipi wa nailoni, ule wa wavuvi wa Tanganyika, nikampelekea bibi. Bibi sasa ana zaidi ya miaka themanini. Macho yamefifia, masikio yapo.

Niliifunga kwa sauti za inanga kubwa, kama ninavyozikumbuka. Ikawa aibu tupu. Nyuzi zilipwaya, zikawa zinagonga ubao, sauti kama nyuki ndani ya kopo. Jambo lenyewe lina sababu: sauti ya uzi hutegemea urefu wake, unene wake na ulivyokazwa. Ukiufupisha kwa nusu bila kubadili kingine, sauti hupanda oktava nzima. Ukitaka uzi mfupi utoe sauti ileile ya chini, itabidi uulegeze au uuongeze unene, na vyote viwili vinauua mlio. Ndiyo maana hata fidla ile ya moja ya kumi na sita, kwa ufundi wote wa kiwanda, hulia kwa puani. Imelazimishwa kusema sauti ya fidla kubwa.

Bibi alisikiliza, akauliza: "We mjukuu wangu, mbona unamlazimisha mtoto aongee sauti ya mzee?"

Nikanyamaza.

"Ivute," akasema. "Ivute mpaka ilie yenyewe."

Nikaivuta. Uzi kwa uzi, taratibu, mpaka mahali fulani ubao ukaitika. Ilikuwa sauti ya juu, safi, oktava moja juu ya ile ya babu. Haikuwa inanga kubwa iliyokatwa. Ilikuwa inanga nyingine, mtoto wa ile. Basi nikaelewa familia ya endingidi: ile ndogo haiigi sauti ya kubwa, ina kazi yake katika kundi, na anayeipiga yumo ndani ya muziki tangu siku ya kwanza, hangoji kukua.

Bibi akanyoosha mkono, akaipapasa ncha mpaka ncha. Kisha akasema kitu ambacho sikuwa nimekitegemea.

"Hii ndiyo saizi ya ile ya kwanza ya babu yako."

"Ipi, bibi?"

"Aliyochongewa na mjomba wake. Alianza na mabua, halafu hiyo, halafu ndipo akapewa kubwa. Alikuwa ameiweka, eti atampa mjukuu. Tulipohama iliachwa darini kwenye nyumba ya zamani. Aliporudi kuifuata, mchwa walikuwa wamemaliza. Na mjomba mtu alikwisha kufa. Hapakuwa na wa kuchonga nyingine."

Nikamuuliza, kwa sauti ambayo haikutoka vizuri, kwa nini basi alinipa ile kubwa.

"Kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua. Aliona hatakufikisha. Siku ile ulipoiangusha hakukukasirikia wewe hata kidogo. Alijikasirikia mwenyewe. Aliniambia usiku: nimempa mtoto mzigo wa mtu mzima kwa sababu mimi nina haraka."

Ndugu msomaji, nimebeba ule ufa tangu nikiwa na miaka sita. Sikujua kwamba babu naye aliubeba, kila mmoja upande wake, mpaka akaenda nao kaburini. Na kati yetu palikosekana kipande cha ubao cha sentimita 45.

Twapenda kusema samaki mkunje angali mbichi, na msemo ni wa kweli. Lakini mara nyingi tunaukumbuka ule mkunjo tu, tunamsahau samaki. Tunamtaka mtoto arithi lugha, arithi ngoma, arithi adabu, nasi tunamkabidhi vyote kwa kipimo chetu, halafu akiangusha tunasema watoto wa siku hizi hawapendi mila. Hawapendi? Au hawafiki? Nawaona wazee wetu wenye haraka, nao wana haki ya kuwa na haraka. Lakini anayetaka kurithisha hana budi kwanza akae chini apime mkono.

Hadi sasa fundi amechonga inanga tano ndogo, na vijindingidi vinne vya kopo la maziwa, maana kenge tumemwacha aishi zake. Si kazi kubwa, na wala haijaokoa utamaduni wa Buha. Inanga moja imekwisha vunjika. Mvulana mmoja aliikalia. Dada alimwita, wakaiangalia pamoja ilipopasuka, kisha wakaipeleka kwa fundi, na mtoto mwenyewe akashika gundi.

Juma lililopita nilipita darasani kwao. Binti mmoja mdogo alikuwa ameketi mkekani, miguu ameinyoosha, inanga imetulia mapajani kama paka. Alikuwa na nyuzi tano. Alizigusa zote, moja moja, hadi ya mwisho, akanitazama kuona kama nimeona.

Nimeona. Januari tutawapima tena, maana mikono itakuwa imerefuka.